Jaribio lipi kwa data ipi ya uchumi? Ulinganisho wa jozi kwa jozi

Anayeanza kuchambua data za uchumi huuliza, "Nitumie jaribio gani?" kisha hutaja aina ya namba alizonazo: fedha, asilimia, madaraja, makundi. Hayo yana nafasi yake, lakini mimi huanza na swali jingine: mistari ya jedwali lako inajuana? Kaya 400 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu hazijuani. Ukishajua mapato ya kaya ya kwanza, hujapata habari yoyote ya kaya ya pili. Mfumuko wa bei wa mwezi huu, kwa upande wake, unaujua fika ule wa mwezi uliopita. Na ukiwa na mauzo ya kampuni 50 kwa miaka kumi, una mchanganyiko: kampuni zenyewe huenda zisijuane, ila mwaka wa tatu wa kampuni moja ni ndugu wa mwaka wake wa pili. Makosa mazito zaidi niliyoyaona nikikagua kazi za watu, na katika kazi zangu za mwanzo, yalianzia hapa. Fomula zilikuwa sahihi.

Nitayaweka majaribio mawili mawili, kwa kuwa ndivyo uamuzi unavyomjia mtu: hili au lile. Kabla ya hapo, maneno mawili. Nadharia tete ya sifuri ni kauli ambayo jaribio huishikilia mpaka data iikanushe. Thamani ya p hueleza jinsi data kama hizi, au za kupita kiasi kuliko hizi, zingekuwa nadra lau kauli hiyo ingekuwa kweli. Haielezi kauli yenyewe ina uwezekano gani wa kuwa kweli. Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kusisitiza jambo hilo, na bado watu wanalikosea kila siku.

Student au Welch

Jaribio la t lilichapishwa mwaka 1908 na William Sealy Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin na kuandika kwa jina la Student. Linalinganisha wastani wa makundi mawili, likichukulia kwamba makundi hayo yana mtawanyo sawa. Mwaka 1947 B. L. Welch alitoa toleo lisilodai usawa huo.

Tuone kwa namba. Tuseme una kampuni ndogo 20 na kampuni kubwa 80, na unalinganisha ukuaji wa mauzo yao. Wastani umetofautiana kwa pointi 12. Kampuni ndogo zimetawanyika sana, mkengeuko sanifu (kipimo cha umbali wa kawaida kutoka kwenye wastani) ukiwa 40. Kubwa zimekaa pamoja, mkengeuko ukiwa 10. Jaribio la Student huchanganya mitawanyo hiyo miwili kuwa mmoja, na kwa kuwa kampuni kubwa ni nyingi, utulivu wao ndio unaotawala mchanganyiko. Kosa sanifu, yaani kiasi ambacho tofauti ya wastani ingeyumba kwa bahati tu, linakuwa karibu 4.94, t (tofauti ikigawanywa kwa kosa hilo) inakuwa 2.43, na p inaangukia chini ya 0.02. Unaandika kwamba tofauti ipo. Welch huliacha kila kundi na mtawanyo wake: 1600 gawanya kwa 20 ni 80, 100 gawanya kwa 80 ni 1.25, jumla 81.25, na kipeo chake cha pili ni karibu 9.01. Sasa t ni 1.33 na p ni takriban 0.2. Data ni zilezile, swali ni lilelile, lakini hitimisho limegeuka.

Hatari ni kubwa pale kundi dogo linapokuwa ndilo lenye mtawanyo mkubwa, na katika uchumi hali hiyo ni ya kawaida. Mitawanyo ikiwa sawa kweli, Welch anakugharimu kidogo mno. Kwa hiyo mimi hutumia Welch moja kwa moja, wala siendeshi kwanza jaribio la Levene kuona kama mitawanyo ni sawa. Kupima ili uamue upime vipi kunaongeza kosa juu ya kosa.

Wastani au mpangilio: jaribio la t na Mann-Whitney

Hapa watu wengi hukimbia bila kutazama wanakokwenda. Mapato yana mkia mrefu kulia: wengi wana kidogo, wachache wana kingi sana. Mtu anaona hilo, anakumbuka kwamba t hutaka mtawanyo wa kawaida (umbo la kengele), anahamia Mann-Whitney. Hajui kwamba amebadilisha swali.

Chukua kaya tano za kundi A zenye mapato 10, 11, 12, 13 na 14, na tano za kundi B zenye 6, 7, 8, 9 na 90. Wastani wa A ni 12, wa B ni 24. Kwa wastani, B ni maradufu. Sasa oanisha kila kaya ya A na kila kaya ya B, jozi 25 kwa jumla, uhesabu ni ngapi ambamo A inaishinda B. Ni 20. Mann-Whitney huhesabu jozi hizo, kwa hiyo kwake A ndiyo iliyo juu. Majaribio yote mawili yanasema kweli, kila moja kuhusu jambo lake.

Uamuzi basi unategemea unachotaka kujua. Ukitaka kukadiria kodi itakayokusanywa, au jumla ya matumizi, unahitaji wastani, maana wastani ukizidishwa kwa idadi ya watu ndio unaoleta jumla. Mediani, yaani thamani ya katikati, haina uwezo huo, wala mpangilio. Ukitaka kujua kama mtu wa kawaida wa kundi moja yuko juu ya mtu wa kawaida wa kundi jingine, Mann-Whitney inakufaa zaidi. Tena kuna watu husema inapima mediani. Hilo ni kweli pale tu maumbo ya mitawanyo miwili yanapofanana.

Njia ya tatu ni kuchukua logi ya mapato kisha kutumia t. Hapo unalinganisha wastani wa kijiometri, na tofauti inasomeka kama uwiano. Kwa mishahara inakaa vizuri. Kwa data zenye sifuri nyingi haikai, na ile tabia ya kujumlisha 1 kabla ya kuchukua logi huleta majibu yanayobadilika ukibadilisha kipimo cha fedha.

Na mkia mrefu peke yake usikutishe. Sampuli ikiwa na mamia ya kaya, wastani wenyewe huelekea mtawanyo wa kawaida hata kama mapato hayako hivyo, ilimradi mkia usiwe mzito kupita kiasi. Ndiyo maana siyapi Shapiro-Wilk wala Jarque-Bera, majaribio ya kupima kama data zina umbo la kengele, kazi ya kunichagulia jaribio. Sampuli ndogo huyafanya yasione kasoro iliyopo. Sampuli kubwa huyafanya yakatae kwa kasoro isiyo na madhara.

Kaya zilezile zikipimwa kabla na baada ya jambo, mistari inajuana wawili wawili. Chukua tofauti ya kila kaya, kisha tumia t ya jozi, au jaribio la Wilcoxon la mwaka 1945 kama tofauti hizo zina namba chache zilizopotoka sana. Ukizitendea kama makundi mawili yasiyojuana utapoteza bure nguvu ya kuona tofauti iliyopo.

Makundi zaidi ya mawili, na data za kuhesabu

Makundi matano yana jozi kumi. Ukiendesha majaribio kumi ya t kwa kiwango cha 5%, uwezekano wa kupata angalau tofauti moja ya uongo ungefika karibu 40% lau yangekuwa huru. Anza na anova (jaribio moja linalolinganisha wastani wa makundi yote kwa pamoja), toleo la Welch mitawanyo ikitofautiana, au Kruskal-Wallis ikiwa unauliza swali la mpangilio. Ukishapata kwamba kuna tofauti mahali fulani, ndipo uingie kwenye jozi ukiwa na marekebisho ya wingi wa majaribio.

Kwa data za kuhesabu watu, mfano wenye ajira na wasio nayo kwa kiwango cha elimu, kai-mraba ya Karl Pearson ya mwaka 1900 inatosha. Visanduku vikiwa na idadi tarajiwa (ile ambayo ungeitarajia lau hakuna uhusiano) chini ya 5, tumia jaribio halisi la Fisher. Tazama idadi tarajiwa, si ile uliyoihesabu.

Pearson au Spearman, na pale yote mawili yanapokudanganya

Hivi ni vipimo vya uhusiano wa vitu viwili, na 1 ni uhusiano kamili. Pearson hupima uhusiano wa mstari mnyoofu. Spearman, ya mwaka 1904, hupima kama kimoja hupanda kingine kinapopanda, hata kwa mkunjo. Kwa kaya zisizojuana uchaguzi ni mwepesi: chora kwanza, utaona.

Kwa mifululizo ya wakati, hakuna hata moja iliyo salama. Mwaka 1926 George Udny Yule alionyesha kwamba kati ya mwaka 1866 na 1911, sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Uingereza na kiwango cha vifo vilikuwa na uhusiano wa 0.95. Ndoa haziui. Vyote viwili vilikuwa vinashuka mwaka hadi mwaka, basi. Mwaka 1974 Clive Granger na Paul Newbold walitengeneza kwa kompyuta mifululizo isiyo na uhusiano wowote, kila hatua ikijengwa juu ya iliyotangulia, wakaendesha regresheni (kuueleza mmoja kwa mstari unaotokana na mwingine). Jaribio la kawaida la t lilitangaza uhusiano takriban mara tatu kati ya nne, badala ya mara tano kati ya mia. Walituachia pia dalili ya haraka ambayo naitumia mpaka leo: R² (sehemu ya mabadiliko ambayo regresheni inaieleza) ikiwa kubwa kuliko namba ya Durbin-Watson (kipimo cha kama makosa ya regresheni yanafuatana), shuku kila kitu.

Dickey-Fuller au KPSS

Basi kabla ya kuweka bei, pato la taifa au kiwango cha ubadilishaji fedha kwenye regresheni, unahitaji kujua kama mfululizo umetulia, yaani kama hurudi kwenye wastani wake baada ya kutikiswa, au kila mtikisiko hubaki humo daima. Hali ya pili huitwa mzizi wa moja.

Jaribio la Dickey-Fuller (1979) lina nadharia tete ya sifuri kwamba mfululizo haujatulia. KPSS (1992) linaanza upande wa pili: sifuri yake ni kwamba umetulia. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu jaribio huipa sifuri yake upendeleo. Dickey-Fuller likishindwa kukanusha, haina maana kwamba limethibitisha mzizi wa moja. Mfululizo unaorudi kwenye wastani polepole sana, ukibeba 0.95 ya jana kuingia leo, hauwezi kutofautishwa kirahisi na wenye mzizi wa moja ukiwa na miaka 40 tu ya data. Kwa hiyo nayaendesha yote mawili na kuyasoma pamoja:

| | KPSS halikanushi | KPSS linakanusha |
|---|---|---|
| Dickey-Fuller linakanusha | Umetulia. Endelea | Yanapingana. Tafuta mvunjiko (badiliko la ghafla) au mwelekeo uliousahau |
| Dickey-Fuller halikanushi | Data hazitoshi kuamua | Haujatulia. Chukua tofauti ya kipindi na kipindi |

Kisanduku cha chini kushoto ndicho ambacho wachambuzi hawapendi kukiandika, na ndicho ninachokipata mara nyingi data zikiwa za mwaka. Kiandike hivyo hivyo kilivyo.

Mtego mwingine uko kwenye mpaka wa kukanusha. Dickey-Fuller haifuati jedwali la kawaida la t. Kwa 5%, sampuli ikiwa kubwa, mpaka ni −1.95 bila namba ya kudumu kwenye mlinganyo, −2.86 ukiiweka, na −3.41 ukiongeza mwelekeo. Mfululizo uliotoa −3.0 unakanusha kwa mpaka wa pili na haukanushi kwa wa tatu. Chora mfululizo, uamue kama una mwelekeo, kisha ndipo uendeshe. Ukiendesha zote tatu na kuchagua iliyokupendeza, umejipima mwenyewe.

Mwaka 1982 Charles Nelson na Charles Plosser walipima mifululizo 14 ya uchumi wa Marekani, na katika 13 hawakuweza kukanusha mzizi wa moja. Mwaka 1989 Pierre Perron aliirudia akiruhusu mvunjiko mmoja, anguko la uchumi la mwaka 1929, na kwa mingi kati yake mzizi wa moja ukakanushwa. Mvunjiko ambao hukuuruhusu hujifanya mzizi wa moja. Nchi iliyobadilisha sarafu au kuachia ghafla kiwango cha ubadilishaji itakuletea tatizo hilohilo.

Mifululizo miwili isiyotulia inaweza kutembea pamoja bila kuachana mbali. Hapo usiharakishe kuchukua tofauti, maana utatupa habari ya muda mrefu. Kwa mifululizo miwili njia ya Engle na Granger (1987) ni nyepesi: endesha regresheni, kisha pima kama mabaki (yale ambayo regresheni haikuyaeleza) yametulia. Mpaka wa kukanusha hapa ni karibu −3.34; ukitumia −2.86 utaona mafungamano (kutembea pamoja) yasiyokuwepo, kwa kuwa regresheni yenyewe imeshayalainisha mabaki. Mifululizo ikiwa mitatu au zaidi, nenda kwa jaribio la Johansen, kwa sababu uhusiano unaweza kuwa zaidi ya mmoja na Engle-Granger huona mmoja tu. Ila Johansen hutaka data nyingi. Kwa miaka 30 na vigeu vitano, sitaliamini jibu lake.

Chow au Andrews

Unataka kujua kama uhusiano ulibadilika wakati fulani. Chow (1960) hugawa data kwenye tarehe unayoitaja na kulinganisha pande mbili. Sharti lake halionekani kwenye programu: tarehe iwe imejulikana kutoka nje ya data, kwa mfano siku sheria ilipoanza kutumika. Ukichora mfululizo, ukaona ulipopinda, ukaipeleka tarehe hiyo kwa Chow, umeshapima kwa macho tarehe zote ukachagua iliyo kali kuliko zote. Jaribio la Andrews (1993) limejengwa kwa hali hiyo: hupitia tarehe zote za katikati na kuchukua namba kubwa kabisa. Gharama inaonekana kwenye mpaka. Kwa kigeu kimoja na kiwango cha 5%, Chow katika sampuli kubwa huhitaji 3.84, na Andrews, ukiacha 15% kila mwisho, huhitaji karibu 8.7. Namba 6 basi ni mvunjiko kwa aliyeijua tarehe kabla, na si chochote kwa aliyeitafuta.

Majaribio ya mabaki

Hapa sitakaa sana. Mtawanyo wa mabaki usio sawa hupimwa kwa Breusch-Pagan (1979) au White (1980). Breusch-Pagan hutafuta mtawanyo unaopanda au kushuka pamoja na vigeu vyako. White huongeza miraba na mazao ya vigeu kwa vigeu, hivyo huona zaidi lakini hula data. Vigeu 8 huzaa vipengele 44. Kwa data za kaya mimi huweka makosa sanifu imara (yasiyodai mtawanyo sawa) tangu mwanzo na kuliacha jaribio.

Kwa mabaki yanayofuatana, Durbin-Watson karibu na 2 ni salama. Lakini ukiwa umeweka thamani ya nyuma ya kigeu tegemezi (kile unachokieleza) kwenye modeli, namba hiyo huvutwa kuelekea 2 hata tatizo likiwepo, na huona hatua moja tu ya nyuma. Jaribio la Breusch-Godfrey halina udhaifu huo. Sijaona tena sababu ya kuanza na Durbin-Watson, isipokuwa ile dalili ya haraka niliyoitaja.

Data za paneli

Hizi ni data za kampuni au mikoa ileile kwa miaka kadhaa. Swali la kwanza huwa athari za kudumu (kila kampuni ina kiwango chake, chochote kile) au athari nasibu (viwango hivyo ni bahati isiyohusiana na vigeu vyako), na watu humwachia Hausman (1978) aamue. Jaribio lake hulinganisha makadirio mawili: yakitofautiana sana, sifa zilizofichika za kila kampuni zinahusiana na vigeu vyako, na athari nasibu zinakupotosha. Yakikaribiana, athari nasibu hukupa makadirio makali zaidi. Tatizo ni kwamba umbo lake la asili hudai mabaki yenye mtawanyo sawa na yasiyofuatana, sharti ambalo data za kampuni hulivunja karibu daima. Wakati mwingine programu hutoa hata namba hasi, ambayo kai-mraba haiwezi kuwa nayo. Njia ya Mundlak ya mwaka 1978 ni tulivu zaidi: ongeza wastani wa kila kigeu kwa kila kampuni kwenye modeli ya athari nasibu, kisha pima kama vizidishi vya wastani hizo kwa pamoja ni sifuri. Hapo unaweza kutumia makosa sanifu yanayozingatia kwamba miaka ya kampuni moja inajuana.

Na hayo makosa sanifu yana uzito kuliko uchaguzi wa Hausman. Mwaka 2004 Marianne Bertrand, Esther Duflo na Sendhil Mullainathan walibuni sheria za uongo, wakazipachika kwa bahati nasibu kwenye majimbo ya Marekani katika data halisi za mishahara ya wanawake, wakapima kwa njia iliyokuwa ikitumiwa na wengi. Sheria ambazo hazikuwahi kuwepo zilionekana na athari hadi mara 45 kati ya 100. Kukusanya makosa sanifu kwa jimbo, yaani kuyakokotoa kwa kukubali kwamba mistari ya jimbo moja inajuana, kuliponya sehemu kubwa ya tatizo kwa sababu majimbo yalikuwa 50. Ukiwa na mikoa sita au nane, mkusanyo huo nao hukanusha kupita kiasi. Hapo tumia butstrapu ya mkusanyo (kurudiarudia hesabu kwa data zilizotengenezwa upya kundi kwa kundi) iliyopendekezwa na Cameron, Gelbach na Miller mwaka 2008, na katika ripoti yako taja idadi ya mikoa kabla ya idadi ya mistari, kwa kuwa mistari 12,000 kutoka mikoa sita inabeba habari ya mikoa sita.